Je, Wajua? Ushuru Ukibadilika Meli Ikiwa Baharini

Je, wajua kwamba meli ya soya iliwahi kuzungukazunguka baharini kwa zaidi ya mwezi kwa sababu ilichelewa saa chache tu? Peak Pegasus iling'oa nanga Seattle mwezi Juni 2018 ikiwa na tani 70,000 hivi za soya ya Marekani, ikielekea bandari ya Dalian, China. Meli ikiwa njiani, serikali za nchi hizo mbili zikawa zinatunishiana misuli. China ikatangaza kwamba kuanzia adhuhuri ya Julai 6 soya ya Marekani itatozwa ushuru wa ziada wa asilimia 25. Nahodha akaongeza mwendo. Wachina kwa maelfu wakawa wanaifuatilia mtandaoni, wengine wakiishangilia. Ilifika siku ileile, lakini alasiri imeshaingia. Kushusha mzigo kulimaanisha kulipa takriban dola milioni sita zaidi, kwa hiyo mwenye shehena akaona heri meli ikae majini, ingawa taarifa za wakati ule zilisema kukodi meli kulimgharimu dola 12,500 hivi kwa siku. Soya haikushushwa mpaka Agosti.

Hesabu aliyokuwa akiipiga mwenye shehena yule ndiyo anayoipiga kila mwagizaji, awe wa Dalian au wa Kariakoo. Asilimia huzoeleka, ikaingizwa kwenye bei na maisha yakaendelea. Kinachomtoa mtu jasho ni tarehe.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki tarehe hiyo inafahamika? Ni Julai 1. Mawaziri wa Fedha wa Kenya, Uganda na Tanzania kwa kawaida husoma bajeti Alhamisi moja ya mwezi Juni, na mabadiliko ya ushuru waliyokubaliana huchapishwa katika Gazeti la Jumuiya ya Afrika Mashariki siku za mwishomwisho za mwezi huohuo. Sasa mfikirie aliyeagiza vigae Foshan, China, mwezi Mei. Ameshalipa, vimeshapakiwa, meli iko katikati ya Bahari ya Hindi, na yeye yuko dukani ametega sikio redioni, anasubiri kama Waziri atatamka neno "vigae".

Je, wajua kwamba kinachoangaliwa si siku uliyolipia mzigo, wala siku ulipopakiwa? Kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, kiwango kinachotumika ni kile kilichopo siku nyaraka za mzigo zinapowasilishwa ili uingie sokoni kwa matumizi ya ndani. Ndiyo maana wiki ya mwisho ya Juni wakala wa forodha hapokei simu ya mtu asiye mteja wake. Ndiyo maana pia maghala ya dhamana yana wateja: mzigo unakaa humo bila kulipiwa ushuru, kwa kawaida hadi miezi sita, mwenyewe akipiga ramli. Ushuru ukishuka, ameula. Ukipanda, kiwango kipya kinamkuta humohumo ghalani, na kodi ya ghala ameshalipa.

Je, wajua ngazi za ushuru wetu? Umoja wa Forodha ulipoanza Januari 2005 zilikuwa tatu: sifuri kwa malighafi na mitambo, 10 kwa bidhaa zilizotengenezwa nusu, 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Julai 2022 ikaongezwa ya nne, asilimia 35, ikazikumba bidhaa ambazo nchi wanachama ziliona zinaweza kuzitengeneza zenyewe: samani, vigae, nguo, bidhaa za ngozi, nyama, pipi na nyinginezo.

Tuufungue mzigo mmoja wa vigae pale Dar es Salaam tuone. Thamani yake ni shilingi milioni 10 ulipofika bandarini. Kwa asilimia 25, ushuru ni milioni 2.5. VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye milioni 10. Inapigwa kwenye milioni 12.5, yaani mzigo pamoja na ushuru wake. Hiyo ni 2,250,000. Jumla 4,750,000, tozo nyingine tukiziweka kando. Sasa peleka ushuru kwenye 35. Ushuru 3,500,000, VAT ya milioni 13.5 ni 2,430,000, jumla 5,930,000. Asilimia kumi zilizotangazwa zimekuwa shilingi 1,180,000, kwa sababu kodi imepandishwa juu ya kodi. Mwenye kampuni iliyosajiliwa VAT ataidai ile 180,000 huko mbele. Mwenye duka dogo asiyesajiliwa anaila hivyohivyo.

Na fedha hiyo inatakiwa kabla kigae kimoja hakijauzwa. Hapa ndipo watu wengi wasiofanya biashara hupotea: hudhani mwagizaji ataongeza tu bei na mambo yamekwisha. Ataongeza, ndiyo, lakini kwanza anatakiwa awe na milioni moja na ushee ambayo wiki iliyopita haikuwa kwenye hesabu, mzigo ukiwa bandarini na gharama za kuhifadhi zinahesabiwa kila siku. Wengine huchukua mkopo wa haraka. Wengine huuza kontena likiwa bado bandarini, kwa hasara, kwa mfanyabiashara mkubwa aliyekuwa akisubiri hilohilo.

Je, wajua kwamba ushuru unaweza kupanda bila waziri yeyote kufungua mdomo? Kwetu, mzigo wa baharini hutozwa kwa bei yake pamoja na bima na nauli ya meli mpaka bandarini. Mwaka 2021 nauli za kontena zilipopaa mara kadhaa duniani, ushuru nao ukapaa, kwa kuwa nauli iko ndani ya hesabu. Mtu akatozwa asilimia 25 ya gharama ya kusafirisha. Mmarekani hakuonja adha hiyo, maana forodha ya kwao huiacha nauli ya bahari nje ya thamani inayotozwa.

Shilingi nayo. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa takriban shilingi 124 za Kenya. Januari 2024 ikagusa 160. Mzigo uleule wa dola 10,000, ushuru uleule wa asilimia 25: kwanza Sh310,000, baadaye Sh400,000. Kwenye daftari la sheria hakikubadilika kitu.

Je, wajua kwamba nyanya ilifikishwa Mahakama ya Juu ya Marekani? Sheria ya ushuru ya 1883 ilitoza mboga asilimia 10 na kuyaacha matunda. Familia ya Nix, waagizaji wa New York, wakadai kwamba kwa elimu ya mimea nyanya ni tunda, warudishiwe fedha zao. Mwaka 1893 majaji wakasema elimu ya mimea tumeisikia, lakini mezani watu huila pamoja na chakula, hawaili baadaye kama tunda. Mboga. Lipa.

Je, wajua kwamba mahakama nyingine ya Marekani, mwaka 2003, iliamua kwamba mashujaa wa X-Men si binadamu? Mwanasesere wa sura ya mtu alitozwa asilimia 12. Kikaragosi cha kiumbe kingine kilitozwa 6.8. Kampuni ya Toy Biz ikaleta mawakili kuthibitisha kwamba Wolverine na wenzake si watu, ikashinda. Mashabiki walichukia, kwani kisa chote cha X-Men ni viumbe wanaodai watambuliwe kuwa binadamu.

Kinachogombewa katika kesi hizi zote ni namba. Tangu 1988 dunia inatumia orodha moja ya Shirika la Forodha Duniani, yenye makundi zaidi ya 5,000 ya bidhaa, kila kundi na tarakimu zake sita. Kila nchi huongeza tarakimu zake mbele. Afrika Mashariki tunatumia nane. Ushuru wako umo ndani ya namba hiyo. Orodha hurekebishwa kila baada ya miaka mitano hivi, na bidhaa iliyolala kwenye namba moja inaweza kuamkia kwenye nyingine.

Na usidhani ubishi wa namba ni mambo ya Marekani tu. Mei 2018, Ramadhani ikibisha hodi, mafuta ya kula yalipotea madukani Tanzania na bei zikapanda, ilhali mafuta yenyewe yalikuwa yamefika bandarini. Ubishi ulikuwa huu: ni mafuta ghafi au yameshasafishwa kiasi? Ghafi yalitozwa asilimia 10, yaliyosafishwa 25. Waagizaji wakasema ghafi, mamlaka ya mapato ikasema hapana, sampuli zikapelekwa maabara, mjadala ukafika bungeni. Mama anayekaanga maandazi hana habari na maabara. Anaona dumu limepanda. Mwezi uliofuata bajeti ikapandisha vyote viwili, ghafi kuwa 25 na yaliyosafishwa 35, kwa lengo la kumnyanyua mkulima wa alizeti. Aliyekuwa ameshafunga mkataba wa mawese na Indonesia au Malaysia kwa hesabu ya kumi, hiyo ilikuwa juu yake.

Je, wajua kwamba vita vya kuku vya miaka ya sitini bado vinaamua Wamarekani waendeshe gari gani? Kuku wa Marekani walikuwa rahisi mno Ulaya Magharibi, Soko la Pamoja la Ulaya likawawekea ushuru mzito. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson akalipiza kwa kutoza asilimia 25 bidhaa nne: wanga wa viazi, dekstrini, brandi na magari madogo ya mizigo. Magari ya mizigo ndiyo yaliyokuwa yakitoka Ujerumani Magharibi, yale mabasi ya Volkswagen yaliyofungwa nyuma. Kuku wakasahaulika zamani. Ushuru wa pikapu uko palepale, zaidi ya miaka 60 baadaye, wakati gari la abiria kwa miongo mingi lilitozwa asilimia 2.5 tu.

Tofauti ya 25 na 2.5 humfanya mtu awe mbunifu. Mwishoni mwa miaka ya sabini Subaru waliweka viti viwili vya plastiki nyuma kwenye sehemu ya mizigo ya pikapu yao ya BRAT, vikitazama nyuma, ili iitwe gari la abiria. Ford, kampuni ya Kimarekani yenyewe, walikuwa wakileta Transit Connect kutoka Uturuki zikiwa na madirisha na viti vya nyuma. Zikishuka Baltimore na kupita forodha, viti viling'olewa, madirisha yakazibwa, gari likauzwa kama la mizigo. Forodha iliwashtukia, kesi ikavutana miaka, na Machi 2024 Ford wakakubali kulipa dola milioni 365 kuimaliza. Ukiniuliza mimi, aliyebuni viti vile hakuwa mjinga. Kosa lilikuwa la waliodhani vitaaminika milele.

Je, wajua kwamba "ushuru wa pamoja" wa Jumuiya hauko pamoja kihivyo? Mchele kutoka nje unatakiwa kutozwa asilimia 75, au kiasi maalumu cha dola kwa tani, kile kitakachokuwa kikubwa. Kenya, isiyojitosheleza kwa mchele, kwa miaka mingi imekuwa ikiomba ruhusa ya kutoza asilimia 35. Basi mchele wa Pakistan ukitua Mombasa una bei moja, ukitua Tanga una bei nyingine, na mipaka yetu kila mtu anaijua. Ngano ni vivyo hivyo: imeandikwa 35, lakini wenye vinu hulipa 10 kwa ruhusa inayotolewa mwaka hadi mwaka. Kiwanda chenye mashine za mamilioni ya dola kinaishi kwa kibali cha miezi kumi na miwili. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini mwenye kinu husita kuongeza mtambo, na kwa nini kila Mei chama cha wasagaji huwa hakibanduki mlangoni kwa Waziri.

Je, wajua kwamba pipi ziliwahi kuwakosanisha majirani? Mwaka 2018 Tanzania ilianza kutoza asilimia 25 peremende na chokoleti kutoka Kenya, ambazo kwa kawaida zingepita bila ushuru kama bidhaa ya ndani ya Jumuiya. Sababu? Zilitengenezwa kwa sukari ya viwandani iliyoingizwa Kenya kwa nafuu ya ushuru. Pipi ni ya Nairobi, sukari ni ya ng'ambo. Kwa mtazamo wa Dar es Salaam, ile nafuu ilikuwa inavuka mpaka ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya rangi.

Je, wajua kwamba ushuru ukishushwa ghafla nao huacha watu wamelia? Mei 2017 Kenya ilikuwa na ukame na uchaguzi, na ikafungua mlango wa mahindi na sukari bila ushuru. Siku chache tu baada ya tangazo, meli ikafika Mombasa na karibu tani 30,000 za mahindi meupe ya Mexico. Wakenya wakafungua ramani na kuuliza: hii meli imesafiri lini? Swali zuri. Kwa sukari mlango ulikaa wazi miezi kadhaa, na mwaka ule nchi ikaingiza zaidi ya mara mbili ya kiasi cha mwaka uliotangulia. Wenye taarifa mapema walijaza maghala. Wenye miwa Nyanza na Magharibi wakabaki na viwanda ambavyo sukari yake haikununulika kwa bei ya kuwalipa wakulima. Na kuna kundi linalosahaulika: mwagizaji aliyelipa ushuru kamili Aprili, akakuta Juni jirani yake anauza mfuko uleule kwa bei ambayo yeye hata mtaji haurudi.

Je, wajua kwamba Tanzania imejiwekea katika Shirika la Biashara Duniani kikomo cha asilimia 120 kwa mazao ya kilimo, Kenya 100 na Uganda 80? Viwango vinavyotozwa kwa mazao mengi viko chini sana ya hapo. Maana yake serikali inaweza kupandisha kesho asubuhi na isiwe imevunja ahadi yoyote kwa dunia.

Je, wajua hesabu ya robota la mitumba? Kwa kawaida lina kilo 45. Kwa ushuru wa Jumuiya wa asilimia 35 au senti 40 za dola kwa kilo, kile kitakachozidi, robota halilipi chini ya dola 18. Mwaka 2016 marais wa Jumuiya walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni kufikia 2019. Rwanda haikungoja: Julai 2016 hiyohiyo ikapandisha kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Robota lililolipa dola tisa likalipa zaidi ya dola 112. Hiyo si nyongeza, ni mlango uliofungwa, na wauzaji wengi wa soko la Kimironko na kwingineko walilazimika kutafuta kitu kingine cha kuuza. Nguo zilizosalia zikaanza kupenya kwa magendo kutoka upande wa Kongo.

Marekani wakaja juu. Chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha huko kilipeleka malalamiko Machi 2017, kikitaka nchi zetu zinyimwe nafuu ya AGOA, mpango wa Marekani uliokuwa ukiruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Kenya ikajitoa mapema kwenye makubaliano yale ya marais, kwani viwanda vyake vya nguo vya Athi River na Mombasa vilikuwa vinategemea soko la Marekani. Fulana ya pamba bila nafuu hiyo ilitozwa asilimia 16.5, ya nyuzi za viwandani 32. Tanzania na Uganda nazo zikarudi nyuma. Rwanda ikakataa, na mwishoni mwa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu. Unaweza kuisifu kwa msimamo. Mimi huwaza pia kwamba ilikuwa rahisi kwake kuliko kwa Kenya, maana ilikuwa inauza Marekani nguo kidogo mno.

Je, wajua kwamba waridi haliwezi kusubiri kwenye ghala la dhamana? Oktoba 1, 2014 Kenya ilipoteza nafuu ya soko la Ulaya kwa kuwa mkataba wa ubia wa uchumi kati ya Umoja wa Ulaya na Jumuiya ulikuwa haujakamilika. Maua ya Naivasha yakaanza kutozwa ushuru uliofikia asilimia 8.5 yakiingia Uholanzi. Tanzania na Uganda hazikuguswa, kwa sababu zimo katika kundi la nchi maskini zaidi, ambalo Ulaya hailitozi ushuru. Waridi la Arusha likapita bure, la Naivasha likalipa. Wakulima wakubwa wakafidia kutoka mfukoni ili wasipoteze wateja, wakisubiri wanasiasa. Nafuu ilirudi Desemba 25. Mkataba wa kudumu kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika Julai 1, 2024, karibu miaka kumi baadaye.

Umaskini wa kwenye makaratasi una faida zake: kuanzia Desemba 1, 2024 China iliondoa ushuru wote kwa nchi za kundi hilohilo ilizo na uhusiano nazo. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikuwemo. Kenya haikuwemo.

Je, wajua kwamba Said bin Sultan, Sultani wa Oman na Zanzibar, alifunga ushuru wake kwa mkataba? Septemba 1833, Maskati, alitia saini na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts: bidhaa za Wamarekani zitakazoshushwa zitatozwa asilimia tano, basi. Uingereza ikapata mkataba wake 1839, Ufaransa 1844. Kwa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ilikuwa starehe. Walishusha vitambaa vya pamba Unguja na kupakia pembe za ndovu na sandarusi, wakijua kabla ya kusafiri watalipa nini. Forodha yenyewe Sultani aliikodisha kwa tajiri wa Kihindi, Jairam Shivji, aliyelipa kiasi cha mwaka kilichopatanwa na kubaki na ziada. Jambo zima lilikuwa na utulivu ambao mwagizaji wa leo angeuonea wivu. Kilichokuja kuuvuruga hakikuwa ushuru bali vita: 1861 Wamarekani walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe pamba ilikauka, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi.

Je, wajua kwamba mwaka 1930 wachumi 1,028 wa Marekani walimwandikia Rais Herbert Hoover wakimsihi asitie saini sheria ya kupandisha ushuru ya Smoot-Hawley? Alitia.

Je, wajua kwamba kitu kisichotozwa ushuru kinaweza kupanda bei kwa sababu ya jirani yake? Januari 2018 Marekani iliwekea mashine za kufulia zinazotoka nje ushuru ulioanzia asilimia 20 na kufika 50. Mashine za kukaushia hazikuguswa. Watafiti wa Benki Kuu ya Marekani na Chuo Kikuu cha Chicago walipofuatilia bei wakakuta ya kufulia imepanda dola 86 hivi, na ya kukaushia dola 92. Wamarekani huzinunua mbilimbili, basi wenye maduka wakagawa nyongeza kwenye zote. Na watengenezaji wa ndani, wasiolipa ushuru wowote, wakapandisha pia, kwa nini wasipandishe? Ajira 1,800 zilipatikana. Kila moja iliwagharimu wanunuzi takriban dola 815,000.

Je, wajua kwamba kuna ushuru uliodumu chini ya siku moja na bado ukafunga viwanda? Aprili 2, 2025 Rais Donald Trump alitangaza viwango kwa kila nchi. Kenya, Tanzania na Rwanda zilipewa 10. Lesotho, nchi ndogo inayoshona suruali za jinzi kwa ajili ya Marekani, ikapewa 50, kiwango cha juu kuliko nchi zote katika orodha ile. Hesabu iliyotumika ilikuwa kuchukua pengo la biashara, kuligawa kwa thamani ya bidhaa zinazoingia Marekani, kisha kukata nusu. Lesotho inauza nguo nyingi kwa Mmarekani na haina fedha za kununua vitu vyake, basi. Kiwango hicho cha 50 kikaanza saa sita usiku wa kuamkia Aprili 9, na siku hiyohiyo mchana kikasitishwa kwa siku 90.

Lakini mnunuzi wa New York huagiza nguo miezi mingi kabla ya msimu. Hakuwa tayari kuagiza jinzi ambazo zingeweza kufika zikidaiwa 50, au 10, au kitu kingine katikati. Akaacha tu kuagiza. Maseru, mji mkuu wa Lesotho, mashine zikanyamaza kwa kukosa oda, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, na Julai serikali ikatangaza hali ya janga la kitaifa kwa sababu ya ukosefu wa ajira. Agosti kiwango kilipotua, kilikuwa 15. Kwa asilimia 15 mtu anaweza kujadiliana na mnunuzi wake, akapunguza hapa na kuongeza pale. Kwa ile miezi minne ya kutojua, hapakuwa na cha kujadili.

Je, wajua kwamba kwetu unaweza kuiuliza forodha namba ya bidhaa yako kabla hujaagiza? Sheria ya Jumuiya inaruhusu uamuzi wa awali. Unaandika kwa Kamishna, unaeleza bidhaa, unaambatisha sampuli au picha na maelezo ya kiwanda, naye anakujibu kwa maandishi ni kundi gani. Jibu hilo hudumu miezi kumi na miwili. Wengi wa wafanyabiashara wadogo hawalitumii, huachia kila kitu kwa wakala, kisha ubishi wa ghafi au si ghafi unaanza kontena likiwa limeshatua. Ila soma vizuri kinachoandikwa humo: forodha inakufungia namba. Asilimia iliyo mbele ya namba hiyo hawaiahidi.